Hatua za Wabeba Machela

Kile kilima chetu sasa ni kokoto. Nilikwenda mwezi uliopita kuzika, nimekaa mbele kwenye gari la mpwa wangu, na tulipokaribia kona ya mwisho nikamwambia apunguze mwendo nimwonyeshe. Nikabaki nimenyoosha kidole hewani. Mashine imekila ubavu mzima. Malori yanapakia, vumbi linapaa, na vijana waliojifunga vitambaa puani wanapanga mafungu ya mawe kando ya barabara wakingoja wateja. Mpwa wangu akaniuliza kwa adabu, "Kulikuwa na nini pale, shangazi?" Nikamwambia endesha. Ilikuwa hasira ambayo yeye hakuistahili, na baadaye nilimnunulia soda.

Wewe nitakueleza, maana wewe una muda na mimi leo sina pa kwenda.

Tulihamia chini ya kilima kile miaka ya vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila familia ilikuwa na mji wake, umezungushiwa minyaa, na jirani unamsikia kwa mbali tu anapowaita ng'ombe wake. Tukapangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango. Simiyu wakati huo kwetu lilikuwa jina la mto, mambo ya mkoa hayakuwapo, na Bariadi ilikuwa mji wa maduka machache ambao ukitoka kwetu alfajiri kwa miguu unafika jua likiwa limeanza kuchoma. Nyumba yetu ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Mimi nilikuwa nakaa naye, nachota maji, namfukuzia ndege kwenye mtama, na jioni tunakula ugali wa uwele na mlenda, au zikiwa siku za njaa, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Sijala michembe kama ile tena, na usiniambie ni kwa sababu nilikuwa mtoto. Ilikuwa mitamu kweli.

Ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na wetu, serikali ilimweka mzee mmoja ambaye bibi asingemchagua kuwa jirani yake hata kidogo. Alikuwa ningi, yaani mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, tena wa Bagika. Sisi tulikuwa Bagalu. Kwa Msukuma maneno hayo mawili yanatosha, ila kwa wewe usiyejua: hizo ni pande mbili za ngoma, na watu huzaliwa humo kama wanavyozaliwa katika ukoo. Mavuno yakiisha na pamba ikishauzwa, pande hizo hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile, kila upande na ngoma zake. Hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Watazamaji ndio mwamuzi. Wanakokwenda wengi, huko ndiko kuna ushindi, na unaweza kuwa unaimba vizuri kabisa ukaona umati wako unakutoka mmoja mmoja kumkimbilia mwenzako. Ndiyo maana kila upande ulitafuta kitu kipya cha kuwavuta watu, na kila mwaka ule wa mzee yule ulitushinda. Asubuhi tulikuwa tunamwamkia kama kawaida, "Mwangaluka, baba," nami nimepiga goti, naye anajibu "Mhola" huku anacheka kidogo. Kile kicheko kilimuudhi sana bibi.

Sasa tuje kwenye vyuma vya kilima kile.

Kijiji kilifungua shamba jipya la pamba chini ya kilima, mahali ambapo hapajawahi kulimwa. Plau ilipopita mara ya kwanza ikaanza kutoa vitu. Sisi watoto tulitangulia kuokota, kwa kuwa sisi ndio tuliotumwa kuondoa mawe na visiki. Mimi nilipata bakuli la bati lililopakwa rangi nyeupe, limejipinda ubavuni mfano wa punje ya haragwe. Mwenzangu akapata mkasi uliolika kutu. Mvua zilipoanza, maji yakashuka kilimani na kuosha mahandaki ya zamani, tukazidi kupata: chupa za kahawia zenye vizibo vya kioo, koleo nyembamba za kila namna, bomba la sindano la shaba, vikopo vya bati vilivyochorwa msalaba, vipande vya chuma vyenye miguu mifupi ambavyo hatukujua ni vya nini. Ikawa ugonjwa. Tulikuwa tunatoka shule tunapitia kilimani kabla ya kufika nyumbani, tunachokoa udongo kwa vijiti, tunagombana, tunabadilishana. Chupa nzima ilikuwa na thamani kuliko koleo, na koleo inayofunguka ilikuwa na thamani kuliko iliyoganda. Mimi, nisijifiche, ndiye niliyekuwa na vingi kuliko wote. Niliweka ndani ya kihenge kitupu nyuma ya nyumba, nikakifunika kwa ungo, na mtu aliyetaka kutazama ilibidi aniombe.

Mwalimu wetu alikuja kuviona akasema ni vifaa vya hospitali ya jeshi, vya vita ya Mjerumani, na kwamba tumefanya vizuri kutovitupa. Nilitembea wiki nzima na kidevu juu.

Bibi hakuwa amevitazama. Alijua nina vyuma, alidhani ni michezo. Siku moja nikamletea karanga za kukaanga ndani ya lile bakuli langu, nimelisugua kwa majivu linang'aa. Akanyoosha mkono, akausimamisha. Akachukua bakuli, akazimwaga karanga zote chini mbele ya kuku.

"Hili halili mtu," akasema. "Humu walikuwa wanatupa vidole."

Nilitaka kucheka lakini nilipomwangalia sikucheka. Jioni ile ndipo aliponiambia kwamba kilima kile alikijua kabla ya sisi wote. Alikuwa msichana mdogo, mdogo kuliko mimi, majeshi yalipopiga hema pale. Wanawake na watoto walikusanywa kutoka miji ya karibu kuchota maji na kufua vitambaa vya vidonda mtoni. Nilimwuliza ni Wajerumani au Waingereza. Akasema kwao walikuwa Wazungu, hawa walikuja wakaondoka wale wakaja, na wote walikuwa wanataka maji. Kaka yake mkubwa naye alikuwa pale. Alikamatwa kuwa mpagazi, na kwa kuwa alikuwa na mwili akapewa machela, kuwabeba majeruhi kutoka porini hadi kwenye hema. Kila alipopita na machela pale mtoni alimpa dada yake ishara kwa kidevu, maana mikono ilikuwa imeshika miti. Kisha siku moja majeshi yakaondoka kwa haraka, yakafukia kila kisichobebeka, na wapagazi wakaenda nayo. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, wala kaburi, wala aliyewahi kulipia kilio.

"Na hajaimbwa," bibi akasema. Hilo ndilo lililokuwa linamkaa kooni.

Kwetu mtu aliyefanya jambo huimbwa. Aliyeua simba aliimbwa, aliyelima kuliko wote aliimbwa, hata aliyekimbiwa na mke aliimbwa, kwa ubaya lakini aliimbwa. Jina likishaingia kwenye ngoma watoto watalirithi. Ila kuimbwa na upande wako mwenyewe hakukuhesabiwa sana. Watasema walikula kwako. Jina lililotamkwa na ningi wa upande wa pili, mbele ya watu, hilo ndilo jina. Na ningi wa upande wa pili alikuwa anakaa ng'ambo ya njia.

Bibi alimwendea. Nilikuwa nyuma yake nimebeba kibuyu cha maziwa mgando, zawadi ya kufungulia maneno. Yule mzee alikunywa, akasifu maziwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mayu," akasema, yaani mama, "mpagazi nimwimbe kwa lipi? Kwa kubeba?"

"Ndiyo. Kwa kubeba."

"Hata punda anabeba."

Bibi alisimama, akaaga kwa heshima zote, akavuka njia. Alipofika kwetu aliinama kihengeni, akaondoa ungo wangu, akaanza kuvitoa vyuma kimoja kimoja na kuvipanga uani. Nikajua kuna jambo. Kwanza alichanganya unga wa mtama na maji, akavinyunyizia vyote huku akizungumza na wenyewe waliokwisha kufa, kwamba tunavichukua kwa heshima na hatuna ugomvi na mtu. Kisha akaniagiza nikawaite vijana wa ngoma wa Bagalu. Mwaka huo, akawaambia, kitu chetu kipya kitakuwa hospitali ya vita.

Vijana walifurahi kupita kiasi. Vile vyuma vyenye miguu mifupi kumbe vilikuwa vya machela. Mbao zake zilikuwa zimeshaliwa na mchwa, kwa hiyo tulikata miti miwili iliyonyooka, na kitambaa tukakipata kwa kuunga magunia ya pamba. Kulikuwa na kitu kimoja kilichowashinda wote: duara kubwa la chuma, lenye mabaki ya ngozi, limetokeza fito mbili ndefu zinazokutana mwishoni. Kiongozi wa wachezaji akalivaa shingoni, fito zikaning'inia mbele, akaanza kucheza nalo akisema ni pambo la jemadari. Wengine wakagombania zamu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akamwita mmoja alale, akampitisha duara kwenye mguu mpaka kwenye paja, akaufunga wayo kwa kitambaa kule fito zilikokutana, akakaza kwa kijiti mpaka mguu ukanyooka wote. Alisema ni gango la mtu aliyevunjika paja, na kwamba aliwahi kushika taa likifungwa.

Lakini kazi kubwa haikuwa hiyo. Kazi ilikuwa kutembea.

Vijana wetu walikuwa wachezaji. Mchezaji wa ngoma hufundishwa tangu utoto kukanyaga na mwenzake. Mguu wako na wangu iwe mguu mmoja, njuga zilie mara moja. Wakibeba machela, wanne, wanakanyaga pamoja, vizuri kabisa, na yule aliyelala juu anarushwa huku na huku kama maziwa yanayosukwa. Bibi akawaambia hapana. Kaka yake alimwambia pale mtoni: ukibeba mgonjwa usikanyage na mwenzako. Huyu akiinua, yule akanyage, ndipo machela inatulia. Wakajaribu. Hatua chache tu, miguu ikarudi pamoja yenyewe. Wakajaribu tena. Walikuwa wanajitazama miguu na kugongana, wanacheka, wananung'unika kwamba kutembea hivyo ni aibu, watu watasema Bagalu hawajui ngoma. Bibi alikuwa na fimbo ya kuchungia, na aliitumia kwenye visigino. Mimi ndiye niliyelala juu ya machela siku zote hizo, maana nilikuwa mwepesi na vyuma vilikuwa vyangu. Kwa hiyo naweza kukuambia bila kubahatisha tofauti ya hatua moja na nyingine, maana niliijua kwa mgongo.

Siku ya mashindano watu walikuja kutoka mbali, wengine kwa baiskeli kutoka Nassa kule ziwani, wengine kutoka Maswa. Wanawake wanauza togwa, vumbi, njuga, watoto wamepanda juu ya mikokoteni. Bibi alivaa kaniki mpya. Tukaingia na hospitali yetu, mabakuli, chupa, koleo, mimi juu ya machela nimepakwa udongo mwekundu, na kwa muda mfupi watu walitujia. Halafu Bagika wakatoa chao. Mtoto wa kiume wa yule ningi, kijana mrefu mwenye maringo yake, akatokea juu ya miguu ya miti iliyokuwa inapita mapaa ya nyumba, anacheza. Si kutembea tu, anacheza, anainama, anazunguka. Umati wetu ukahama wote. Nilinyanyua kichwa nikaona tumebaki na bibi, wapiga ngoma, na mbuzi. Nililia pale pale kwenye machela, na ule udongo mwekundu ukanichuruzikia masikioni.

Sikuona alivyoanguka. Nilisikia tu ule mlio wa watu wengi kuvuta pumzi, kisha ngoma za upande ule zikapotea moja baada ya nyingine. Watu walifunga duara na hakuna aliyekuwa anafanya lolote. Ningi alikuwa anamwita mwanawe kwa jina, tena na tena. Paja lilikuwa limevunjika, mguu umelala upande ambao mguu haulali.

Bibi alikwenda hivi hivi, bila kukimbia, akawapasua watu kwa mkono. Nikashushwa kwenye machela. Akaomba gango. Kijana aliyelipenda kama pambo la shingo ndiye aliyelileta. Bibi alimfunga yule kijana vile vile alivyotufundisha uani, anamsemesha polepole kama anamsemesha ndama, anakaza kijiti, na kijana akapiga kelele moja kisha akatulia. Wakamlaza kwenye magunia ya pamba. Wabebaji wetu wanne wakainua.

Na hapo wapiga ngoma wetu, kwa kutaka kusaidia, wakaanza kupiga. Unajua kilichotokea. Miguu ya wale wanne ikasikia ngoma, ikakanyaga pamoja, na yule kijana akalia kilio ambacho mpaka leo nakisikia.

"Nyamazisheni ngoma," bibi akasema. "Zote."

Uwanja ukanyamaza, Bagika na Bagalu. Wabebaji wakasimama, wakatazamana, wakaanza tena. Huyu ameinua, yule amekanyaga. Machela ikatulia. Wakashika njia ya Bariadi kwa mwendo ule wa ajabu usio na mpango, bibi pembeni ameshika mkono wa mgonjwa, mimi nyuma yake na bakuli la maji, na yule ningi upande wa pili. Nilipogeuka kutazama nyuma niliona kitu ambacho sitakisahau. Uwanja ulikuwa mtupu. Watu wote wa mashindano, wa huku na wa huku, wauza togwa na mitungi yao, walikuwa wanatufuata.

Tulikuwa tumefika karibu na mto ndipo mzee alipouliza, bila kumtazama bibi, "Kaka yako aliitwaje?"

"Mabula."

Mzee akatembea kidogo. Kisha akaimba. Sauti yake bila ngoma ilikuwa nyembamba, ya mtu mzima aliyeishiwa machozi, na maneno aliyatunga pale pale njiani: kwamba Mabula alipita hapa akiwa amebeba watu, kwamba leo Mabula ambebee ningi mtoto wake. Bagika wakapokea. Halafu na sisi tukapokea. Umati mzima ukaliimba jina lile mpaka yakaonekana mabati ya Bariadi. Bibi hakuimba. Alikuwa analia waziwazi, kichwa juu, wala hakujifuta, na mimi nilijisikia kwamba hapajapata kuwa na mtoto duniani mwenye bibi kama wangu.

Kijana alipona. Alichechemea, lakini alioa, alilima, alichechemea mpaka uzee. Mwaka ule hakuna aliyebisha nani alishinda. Machela ilibaki kuwa ya kijiji. Kwa miaka mingi kina mama waliozidiwa na uchungu walipelekwa hospitalini juu ya magunia yale, na kubeba ilikuwa heshima iliyogombewa na vijana wa pande zote mbili. Vyuma vingine vilipotea kidogo kidogo. Koleo zilichukuliwa kutolea miiba, chupa zikawekwa mafuta ya taa, gango sijui lilikwenda wapi. Bibi alipokufa kihenge kilikuwa kimeoza. Ngoma zenyewe siku hizi ni za kukodiwa kwenye sherehe za wakubwa, watu wanacheza kidogo, wanapigwa picha, wanapewa maji ya chupa. Nimebaki na ule mkasi, niliupata kwa mwenzangu kwa chupa mbili.

Mtu niliyekwenda kumzika mwezi uliopita ni yeye, yule mtoto wa ningi. Walikuwepo wajukuu, vitukuu, viti vya plastiki, na spika iliyokuwa inapiga nyimbo za maombolezo. Jeneza lilipoinuliwa nilikuwa nimekaa na wanawake, na kwa mazoea ya uzee nilikuwa natazama chini. Nikaona miguu ya wabebaji. Vijana wa siku hizi, viatu vya raba, hakuna hata mmoja aliyekuwa amezaliwa wakati ule. Mmoja wa mbele alianza kulinganisha hatua na mwenzake, na yule wa nyuma akamwambia kwa sauti ya chini, ya kukemea kidogo, "Usikanyage na mwenzako."

Baadaye nilimfuata nikamwuliza nani alimfundisha hivyo. Akashangaa swali. Akasema, "Sijui, bibi, hapa kwetu ndivyo tunavyobeba."

Nikamwambia jina la Mabula.